Makapi ya Ndengu Kwenye Kola

Kitu cha kwanza kilichonitia wasiwasi kilikuwa glasi ya maji. Mume wangu, ambaye miaka yote ya ndoa yetu alianza siku kwa chai ya maziwa iliyojaa sukari, aliamka kabla ya jua, akachemsha maji, akayanywa matupu akiwa amesimama jikoni. Kisha akarudi chumbani kutandika kitanda. Mimi nilikuwa bado nimelala upande wa ukutani, kwa hivyo alitandika upande wake tu, akalivuta blanketi mpaka mgongoni mwangu na kulipigapiga likalala sawa. Nilijifanya nina usingizi. Nilimtazama kwa jicho moja na kujiuliza huyu ametumwa na nani.

Tunaishi Embu mjini. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule katika kibanda kando ya soko. Yeye ni fundi wa pikipiki, na karakana yake, kama mabati manne na gogo la kukalia yanaweza kuitwa karakana, iko ng'ambo ya barabara. Nikiinua kichwa kutoka kwa cherehani namwona, na nimekuwa nikiinua kichwa mara nyingi kuliko inavyohitaji kazi yangu. Mtoto wetu mmoja yuko shule ya bweni, kwa hivyo nyumbani tuko wawili, na watu wawili wakiwa peke yao hakuna kinachopita bila kuonekana.

Tulikutana Meru, pale Makutano, nikiwa najifunza ushonaji na yeye akitengeneza tuk-tuk. Ni Mmeru wa milimani, kwao ni miraa. Mimi ni Mmbeere wa Gachoka, kwetu ni muguka, jani dogo laini ambalo watu hulitafuna na njugu ili macho yasifumbe. Mama yangu ana shamba la muguka mpaka leo, na ndilo lililonisomesha. Lakini nyumbani kwetu halikutafunwa hata siku moja. Mama alisema ni la kuuza, na mama akisema jambo halirudii.

Mume wangu alitafuna. Chakula cha mchana kikiisha, ikikaribia saa tisa, mfuko wa majani ulifunguliwa pale karakana na wanaume wakajipanga kwenye gogo. Mwanzoni ilikuwa maongezi na vicheko. Baadaye ikawa kila siku mpaka giza, na akija nyumbani hataki chakula, macho yamemtoka, anatazama ukuta kana kwamba kuna sinema. Wakati mmoja alimrudishia mteja pikipiki bila kukaza nati za gurudumu la mbele. Mteja hakuumia, alishtuka tu na kuja kupiga kelele mbele ya soko zima, lakini usiku ule mume wangu hakulala, na safari hiyo si kwa sababu ya majani.

Alijaribu kuacha. Mara ya kwanza alitangaza nikafurahi, nikapika chapati. Mara ya pili nikamwombea. Baada ya hapo kila akitangaza nilikuwa nasema tu "Tutaona," na kuendelea kukata kitambaa.

Ndiyo maana safari hii nilishuku. Hakutangaza. Alianza tu kuwa mtu mwingine bila kumwarifu mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mimi.

Nyuma ya yote kulikuwa na sauti ya kwenye simu yake. Kuna bwana mmoja anayezungumza humo kuhusu tabia za watu waliofanikiwa: amka mapema, tandika kitanda, kunywa maji, jiambie maneno mazuri, fanya jambo lilelile saa ileile kila siku mpaka mwili ulizoee. Nilimsikia mara moja, kabla mume wangu hajanunua vidude vya masikioni. Sauti yake ni laini mno. Mimi siamini kuna mwanaume anayeongea laini hivyo na hakuna anachouza. Nilimwambia mume wangu, naye akasema, "Anauza kitabu." Nikamwambia si unaona.

Asubuhi alisimama mbele ya kioo cha kunyolea akinong'ona. Niliweka sikio mlangoni.

"Leo nitashinda," alikuwa anasema. "Leo nitashinda."

"Unamshinda nani?" nikauliza.

Maji yakafunguliwa. "Hakuna mtu," akasema.

Wiki zikaenda. Meno yake yakaanza kupoteza ile rangi ya kijani ya majani pembeni. Alikula chakula cha jioni, akaomba kuongezwa. Alilala akakoroma. Nilipofua nguo zake sikuona tena maganda mekundu ya njugu mifukoni, yale niliyokuwa nikiyakung'uta kila wiki nikiwa nimekunja uso. Najua mke mwingine angepiga magoti kushukuru. Mimi niliipindua mifuko nje na kuitazama tena, kwa maana mtu haachi kitu alichokipenda hivyo mpaka apate kingine cha kupenda, na hicho kingine sikuwa nimekiona.

Jirani yangu sokoni, mama anayeuza mboga za sukuma na dania, alikuwa anafuata habari hizi kwa hamu kubwa.

"Amenunua marashi?" aliniuliza.

"Bado."

"Ngoja tu. Wangu alianza na kuchana nywele."

Huyo wake alihamia Mwea na mwanamke wa mpunga, soko zima linajua. Nilirudi kwenye cherehani nikavunja sindano mbili kwa kola moja.

Halafu ikaanza ile ya saa tisa. Saa ileile ambayo zamani mfuko wa majani ulifunguliwa, nilimwona kutoka kibandani akiacha spana, akinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akivua ovaroli. Aliingia nyuma ya bati akatoka amevaa shati. Si shati lolote, bali lile jeupe la kanisani, ambalo nililipiga pasi mimi mwenyewe kwa makaa yangu. Alifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akapanda pikipiki, akaniinulia mkono, akaenda. Alirudi jua likizama, amechoka na ametulia, akaomba chakula.

Kesho yake vivyo hivyo. Na kesho kutwa.

"Wewe huenda wapi?" nilimuuliza.

"Kuna kazi napiga mahali."

"Kazi gani?"

"Ya mkono."

"Na kazi ya mkono inafanywa na shati ya kanisa?"

Akacheka kidogo. Zamani ningemuuliza hivyo angefoka, tungefokeana, tungelala tumegeuziana migongo na asubuhi mambo yangekuwa sawa. Sasa alicheka, akaosha sahani yake, akaiweka juu chini ikauke. Nilimchukia kwa utulivu ule. Niliona kama ameshahama na kilichobaki nyumbani ni mwili tu.

Siku ya kufua nikayapata. Yalikuwa ndani ya mkunjo wa kola, mahali ambapo mkono wa fundi wa nguo huenda wenyewe: makapi meusi, membamba, makavu. Niliyasugua kwa vidole nikanusa. Ni maganda ya ndengu, yaani choroko. Nimekulia ndani ya vumbi hilo, likikuwasha shingoni msimu mzima; haliwezi kunipotea. Nikachukua viatu vyake. Udongo wa Embu mjini ni mwekundu na unanata, lakini kwenye soli kulikuwa na mchanga, ule wa Mbeere, unaomwagika ukigonga kiatu.

Nilikaa juu ya karai lililopinduliwa, povu likinikaukia mikononi, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani. Mjini hakuna anayepura ndengu. Mbeere wanapura, lakini vibarua wa kupura kwetu ni wanawake. Mwanaume mzima akikaa uani kwa mwanamke akapiga ndengu, huyo si kibarua, huyo ni wa boma. Kila anayepita njiani ataona na kuelewa. Kwa hivyo alikuwa na boma lingine, Mbeere, kwetu, kwa mwanamke anayejua lugha yangu na pengine anajua ukoo wangu. Angenitafutia wa kule Meru ningelia. Huyu wa kwetu alinifanya nitetemeke.

Sikumwambia kitu. Nilitaka kuwa na yote mkononi kwanza. Nikawa naota mwanamke huyo mchana: mara mjane mwenye ekari nyingi, mara msichana wa kuchuma muguka mwenye vidole vyepesi. Nilifika mahali nikatamani mume wangu arudie majani. Nasema kweli. Mume anayetafuna alikuwa na macho mekundu na mdomo wa kijani, lakini alikuwa wangu, na nilijua anakoketi. Siku moja nikanunua muguka pale stendi, mfuko mdogo, nikauweka kando ya sahani yake ya jioni nione.

Aliutazama.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mteja. Alisahau kibandani."

Akausukuma kwa mgongo wa mkono mpaka mwisho wa meza, kama mtu anayesukuma sufuria ya moto, akaniomba nimwongezee sukuma. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mimi niliona mkono huo nikasoma hatia. Kesho yake, saa tisa, shati jeupe, pikipiki, huyo.

Kilichonimaliza ni ndengu zenyewe. Alikuja nazo jioni moja ndani ya mfuko wa karatasi, akaziweka mezani.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mtu nasaidiaga."

Nilizimwaga kwenye sinia nikazichambua nikitafuta mawe. Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na kapi wala punje iliyotobolewa. Zilikuwa zimepepetwa na mtu mwenye mkono, mtu anayejua upepo. Hilo liliniuma kuliko shati. Mwanamke mvivu ningemvumilia, ningejua atamchoka, lakini huyu alikuwa anajua kazi. Nilizipika nikazipakua, nikamwambia tumbo linaniuma, nikamtazama akila sahani nzima ya ndengu za mke mwenza akisifu mapishi yangu.

Kwetu mwanamke aliyeonewa harushi sufuria. Anafunga mkoba anarudi kwa mama yake. Hapo mume hana njia: lazima afuate, na akifuata atasimama mbele ya mama mkwe, kichwa chini, aseme alichofanya. Nilijua mume wangu anamwogopa mama yangu kuliko mahakama. Nikaona hiyo ndiyo dawa. Aje asimame pale kwa mama aseme kwa kinywa chake anapura ndengu za nani.

Nilimngoja aondoke saa tisa. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani, nikajaza mkoba nguo zangu nzuri zote, hata ile gauni ya kitenge niliyoshona kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nguo za kazi niliziacha, apigie deki. Nilipopita kwa yule wa sukuma alinishika mkono.

"Kaa huko mpaka akufuate," akasema, na nikaona kabisa ana furaha.

Kufika Gachoka jua lilikuwa bado kali. Nilishuka barabarani nikashika kijia cha kwetu, mkoba begani, nikiyapanga maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa nimeyafikisha mahali pazuri sana niliposikia mlio wa fimbo kwenye maganda makavu. Kach, kach, kach. Nikafikiri mama amepata kibarua. Nikakunja kona ya ua na kuona pikipiki imeegemezwa mtini. Kiti chake kimefunikwa kwa turubai la bluu lenye mshono mara mbili pembeni. Mshono huo ni wangu.

Hata hapo, wazo lililonijia lilikuwa la shaka. Nilifikiri amejua nakuja, amekimbia mbele yangu aniseme kwa mama kabla sijamsema.

Kisha nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mwishoni kabisa mwa uwanja, karibu na miti ya muguka, amelipa jiko mgongo. Shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, jasho limelowesha mgongo mzima. Mbele yake turubai lililojaa ndengu, na fimbo ilikuwa inapanda na kushuka polepole, kwa mtindo wa mtu aliyezoea. Upande wa pili, mlangoni mwa jiko, mama yangu alikuwa ameketi na ungo, naye amempa mgongo. Uwanja mzima ulikuwa katikati yao. Hawakuwa wanazungumza. Ilionekana hawakuwa wamezungumza tangu salamu.

Asiyetoka kwetu angedhani wamegombana. Hiyo ni heshima ya muthoni, yaani mkwe. Mwanaume huja kwa mama mkwe amevaa shati lake la heshima, haingii jikoni kwake, hamtazami usoni, hatemi mate akiwa karibu, wala hatafuni kitu mbele yake, iwe njugu, iwe muwa. Naye mama hali chakula mbele ya mkwe. Wanasalimiana kwa mbali na kila mtu anaangalia udongo wake. Siku hizi mjini watu wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, lakini mume wangu kwa jambo hili ni mtu wa zamani, na mama yangu ni wa zamani kumliko.

Aliinua kichwa akaniona. Macho yakashuka kwenye mkoba. Fimbo ikakaa hewani.

Nilimwendea haraka, nikachuchumaa upande wa pili wa turubai kana kwamba nimekuja kusaidia.

"Unafanya nini hapa?" nikanong'ona, na mnong'ono wangu si mdogo.

"Wacha kelele, mama atasikia. Si unaona? Napiga ndengu."

"Tangu lini?"

"Tangu niwache."

"Uwache nini?"

Akatazama jikoni, akatazama miti ya muguka iliyo nyuma yake, majani mekundu machanga ambayo angeyafikia kwa kunyoosha mkono tu. Akapiga fimbo mara kadhaa ili kuwe na kelele, na ndani ya kelele hiyo akaniambia. Pale karakana, alisema, saa tisa ikifika mkono unaenda kwa mfuko wenyewe. Amejaribu kukaa nyumbani, akatoka kutafuta majani. Amekaa kanisani siku ya katikati ya wiki, kwenye benchi la nyuma, akatoka pia. Yule bwana wa simu alisema mtu atafute mahali ambapo tabia yake mbaya haiwezi kuketi, aende hapo saa ileile kila siku.

"Nikafikiria Embu yote," akasema. "Hakuna. Huko Meru ndio kabisa. Halafu nikakumbuka mama. Nikiweka jani kwa mdomo aone, afadhali nife. Kwa hivyo hapa siwezi. Hata yakiwa haya yote, siwezi."

"Na yeye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nilikuwa napita, nikaona ndengu ni mingi."

"Kila siku ulikuwa unapita?"

Akainamia ndengu zake.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ndio useme tutaona?"

Alisema bila hasira, akirudisha punje zilizoruka. Nilikuwa na maneno mengi tangu asubuhi, na yote yalikuwa mazuri, lakini hakuna hata moja lililofaa hapo. Uso uliniwaka. Nilitazama mikono yake, ambayo wiki iliyopita niliona ikitetemeka kando ya mfuko nilioununua mimi, nikaona haya mpaka nikatamani anifokee.

"Mkoba wa nini?" akauliza.

Kabla sijajibu mama akaita kutoka jikoni, akiwa bado ametugeuzia mgongo. Mama haongei Kiswahili isipokuwa na wanunuzi. Alikuwa anaongea Kimbeere, na hapa nitayaweka maneno yake kama ninavyoweza.

"Mgeni amefika na sijasalimiwa?"

Nikaenda. Alinipa mkono, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkoba. Hakuna mwanamke wa Mbeere asiyejua maana ya binti kuja bila kuitwa, mchana wa siku ya kazi, na mkoba uliovimba. Nyuma yangu ile fimbo ilikuwa imenyamaza. Nikaelewa kwamba nikisema ukweli, mama atamwita mume wangu asogee, na atalazimika kueleza, na akieleza itabidi aseme mbele ya mama mkwe kwamba yeye ni mtafunaji. Siku hiyo itakuwa ya mwisho kukaa kwenye kigoda kile. Na nikisema nilishuku mwanamke, nitakuwa nimemwaibisha kwa kosa ambalo halipo.

"Nimekuletea nguo," nikasema.

"Nguo," akasema mama.

"Ndiyo. Zako."

Akauvuta mkoba miguuni pake, akaufungua palepale. Akatoa sketi yangu ya kwenda mjini, akaiweka kwenye paja. Akatoa blauzi mbili, akatoa sweta, akaikunjua gauni ya kitenge akainyanyua juu, akanitazama juu ya mabega ya gauni. Mama yangu ni mara mbili yangu kwa upana.

"Ulinipima lini?" akauliza.

"Nilikadiria."

"Umenikadiria vizuri sana."

Akazikunja zote moja moja, bila haraka, akaingia nazo ndani ya nyumba. Nilisikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa na kufungwa. Aliporudi aliukunja mkoba mara nne, akaukalia kama mto wa kigoda chake. Akanipa ungo nipepete.

Nilipepeta. Mume wangu alipura. Tulikwenda hivyo mpaka jua lilipoingia nyuma ya miti, naye akasimama, akajikung'uta, akaaga kwa mbali akiangalia udongo. Mama akamjibu akiangalia udongo wake. Mume wangu akaenda kuwasha pikipiki kule njiani.

Mama akanisindikiza mpaka penye muguka. Akavunja tawi moja kavu, akalitupa.

"Huyo wako," akasema, "akifika hapa hutazama haya majani. Halafu anageuka kidogo kuona kama nipo. Halafu anashika fimbo. Siku ya kwanza nilijua."

Nilisimama.

"Umejua nini?"

"Nimelima muguka kabla hujazaliwa. Unafikiri siwezi kumjua mtu anayetaka kuacha?" Akapunguza sauti, ingawa pikipiki ilikuwa inanguruma. "Usimwambie najua. Akijua kwamba najua, hapa patakuwa mahali kama pengine, na hatakuwa na pa kwenda. Mimi sioni kitu. Nakaa pale na ungo, naangalia ukuta. Na ndengu zangu zinapurwa."

Hapo nilicheka, na nikicheka machozi yakatoka. Mama hakucheka.

"Wewe unachunguza mno," akasema. "Tangu utotoni ulikuwa unafunua sufuria kabla chakula hakijaiva. Nguo zitakaa hapa. Ukija tena, uje mikono mitupu."

Nilirudi Embu nikiwa nimekaa nyuma ya mume wangu, pua yangu karibu na kola yake, na makapi yale yakinipiga usoni kwa upepo. Hakuuliza tena habari ya mkoba. Nadhani aliijua. Karibu na mjini alisema tu, bila kugeuka, "Hizo nguo hazitamtosha," nami nikasema nitazipanua.

Ndengu zimekwisha zamani. Mama alipata kunde za kupurwa, kisha ua likahitaji kurekebishwa, na ua lenyewe, mimi naamini kabisa, lilibomolewa na mama. Nilimuuliza akasema ni mbuzi. Hana mbuzi. Mume wangu bado anakunywa maji matupu na kunong'ona kwenye kioo, na mimi bado simwamini yule bwana wa simu.

Lakini nami nina zoezi langu la kila siku, na hakuna aliyenifundisha. Saa tisa ikifika namwona ng'ambo ya barabara akinawa mpaka kwenye viwiko. Anavaa shati. Ananiinulia mkono, anasema, "Natoka kidogo," kana kwamba sijui anakokwenda. Yule wa sukuma hunitazama. Mimi naikanyaga cherehani, nasema, "Haya."

Juzi aliporudi alikuwa na blauzi yangu moja, imefuliwa na kukunjwa, ndani ya mfuko wa karatasi. Mama alikuwa ameiacha bila neno juu ya kigoda anachokalia mkwe wake. Mume wangu aliiweka mezani mbele yangu, akasimama kidogo, akasema, "Mama yako huona mambo mingi, sindio?"

Nilimtazama usoni. Sikuweza kujua kama ni swali au kama amejua kwamba mama anajua, na amejua tangu zamani, na anakwenda hivyo hivyo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikaichukua blauzi, nikamwambia chakula kiko tayari, akae tule.